Klemu za magoti zinarudi kila mwezi, shida ni daktari anavyoandika au mimi ninavyoweka kodi za magonjwa?

rekodi_kirumba ameuliza:

Habari za leo wadau wa afya, na wakubwa wote humu shikamooni. Mimi niko kitengo cha bima kwenye kituo kimoja hapa Mwanza, kazi hii nimeianza mwaka huu tu, zamani nilikuwa mapokezi nafungua mafaili. Kazi yenyewe ni kuchukua alichoandika daktari, kukiwekea kodi ya ugonjwa, yaani zile herufi na namba za ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, halafu klemu, yaani dai la malipo, inaenda bima. Malaria sina shida nayo, presha sina shida nayo, sukari naijua. Wanaonitesa ni watu wa magoti.

Na huku kwetu ni wengi jamani. Akina mama wa dagaa wamechuchumaa mchangani tangu wakiwa wasichana, wavuvi wazee, wabeba mizigo wa Mwaloni, halafu kuna wale wanaokaa juu huko Mabatini na Igogo ambao kwenda sokoni ni kushuka mawe na kurudi nyumbani ni kupanda mawe, kila siku ya Mungu. Mgonjwa akifika anasema goti limesagika, au mafuta ya goti yameisha. Daktari anaandika "maumivu ya goti". Mwingine anaandika "arthritis" basi. Mwingine "OA" herufi mbili tu, yaani osteoarthritis, kiungo kusagika, la kulia la kushoto hasemi, imetokana na nini hasemi, dawa, saini, mgonjwa mwingine aingie.

Mimi nilikuwa naweka hivi: maumivu yote M25.5, arthritis zote M13.9, OA zote M17.9. Mwezi uliopita zimerudi klemu 14 na karibu zote ni za magoti, kuna za eksirei, kuna za sindano ya goti, kuna za mazoezi tiba, maelezo ni kwamba utambuzi hauendani na huduma iliyotolewa. Pesa imekatwa na mganga mfawidhi ameniita ofisini, hakunifokea lakini nilitoka pale najisikia vibaya sana.

Lakini kinachoniuma kuliko hiyo pesa ni mama mmoja wa Ukerewe. Bingwa wa mifupa kasema goti libadilishwe, bima wakaomba historia ya matibabu, nikafungua faili lake la miaka mitatu mimi mwenyewe. Kila ukurasa maneno ni yaleyale, "maumivu ya goti, diclofenac, arudi baada ya wiki mbili". Picha alipigwa mara mbili lakini majibu hayajaandikwa popote. Mazoezi alifanya, anasema mwenyewe, ila kwenye faili hayapo. Yaani mama katibiwa miaka mitatu na kwenye karatasi ni kama hajawahi kutibiwa. Ombi limekataliwa, mama karudi Nansio na meli, fimbo mkononi.

Sasa naomba mnieleweshe, kwa goti lililosagika kodi sahihi ni ipi, na je mimi naruhusiwa kuweka kodi nzuri zaidi ya alichoandika daktari kama najua kabisa mgonjwa ana nini? Maana wengine nawajua, ni majirani zangu.

---

KijanaKlemu:

Dada usijitese, weka M17.0 kwa kila mwenye miaka zaidi ya 50 anayelalamika goti. Inapita. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo na klemu hazirudi.

---

Mkongwe wa Masjala:

Marahaba mwanangu rekodi_kirumba. Nimefanya kazi ya rekodi miaka mingi tangu enzi za kadi za manila na kalamu ya wino, naomba uniazime masikio.

Kwanza KijanaKlemu, kijana wangu, naomba uache hilo jambo na usimfundishe mwenzio. M17.0 maana yake ni goti kusagika lenyewe bila chanzo kinachojulikana, na ni MAGOTI YOTE MAWILI. Ukimwekea mtu mwenye goti moja bovu umeandika uongo kwenye faili lake, na huo uongo hauishii bima, unabaki pale, siku akienda hospitali nyingine kubadilishiwa goti la kushoto watakuta eti na la kulia ni bovu tangu mwaka fulani. Na siku wakaguzi wakija wakavuta mafaili wakakuta kila mzee wa hapo ana M17.0 na kwenye maelezo ya daktari hamna hata neno moja la magoti mawili, pesa itarudishwa yote na jina litakaloitwa ni lako, kwa sababu aliyeweka kodi ni wewe na daktari yeye aliandika "maumivu ya goti" akaondoka zake.

Sasa dada, kodi za goti kusagika ziko kundi la M17, na kundi hilo limegawanywa kwa mambo mawili tu ukiyashika umemaliza, chanzo na idadi ya magoti. Lenyewe tu bila chanzo, magoti mawili ni M17.0, goti moja ni M17.1. Likitokana na kuumia zamani, yaani alivunjika au nyuzi za goti zilikatika, mawili ni M17.2 na moja ni M17.3. Likitokana na ugonjwa mwingine, mawili ni M17.4 na moja M17.5. Halafu ndo inakuja hiyo M17.9 unayoitumia wewe kwa wote, ambayo maana yake ni "goti limesagika, sijaambiwa zaidi". Sio kosa kuitumia, ipo kwa ajili ya hali hiyo hasa, ila ukiiona kila siku kwenye mafaili yako ujue kuna mtu hajauliza au hajaandika.

M25.5 nayo ni maumivu ya kiungo, ni dalili. Mgonjwa amekuja mara ya kwanza, daktari bado hajajua, hiyo ndo kodi yake na ni halali kabisa. Lakini mgonjwa wa mwaka wa tatu bado ana M25.5? Hapo hata mimi ningekuwa bima ningeuliza mnamchoma sindano ya goti kwa ugonjwa upi. Na daktari akishaandika kwamba goti limesagika, maumivu huyawekei kodi yake pembeni, yamo humohumo ndani ya ugonjwa.

M13.9 ya "arthritis" hapo ndo pa kuangalia sana. Neno hilo peke yake ni sawa na mtu kusema "homa". Baridi yabisi ile yenyewe, ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, iko M05 na M06. Gauti, yaani jongo, iko M10. Goti lenye usaha liko M00. Zote hizo ni "arthritis" na zote matibabu ni tofauti kabisa. Huwezi kukisia, lazima umrudie daktari.

Na hilo ndo jibu la swali lako la mwisho. Hapana, huruhusiwi, hata kama mgonjwa ni jirani yako na unamuona kila asubuhi akishuka mawe kwa kujishikilia ukutani. Unachoruhusiwa, na unachotakiwa, ni kumrudishia daktari faili na swali. Swali liwe wazi na lisimuongoze, usimuandikie "dokta naomba uandike OA ya magoti mawili ili klemu ipite", muandikie "dokta, umeandika arthritis, naomba ufafanue ni aina gani, ni goti lipi, na kama chanzo kinajulikana". Yeye ndo anajibu, anaandika kwa mkono wake, anasaini, anaweka tarehe ya siku hiyo anayoandika.

---

Tabibu wa Sengerema:

Mzee Mkongwe shikamoo, umeeleza vizuri sana. Naomba nami nisemee upande wa wanaoandika, maana naona lawama zinatujia.

Mimi ni tabibu, siku ya gulio naona watu hadi nachoka kuongea. Mtu wa goti anakuja wa arobaini na kitu kwenye foleni, nyuma yake kuna mtoto mwenye degedege. Ukweli ndo huo, naandika "maumivu ya goti" kwa sababu ni maneno mafupi. Lakini niliposoma habari ya huyo mama wa Ukerewe nimekaa nikafikiria wagonjwa wangu wangapi wako hivyo, na sijafurahi.

Kitu ambacho wenzangu wengi hatukitumii ni kwamba goti kusagika halihitaji mpaka picha ndo uliandike. Vile vigezo vya Wamarekani vya mwaka 1986 vinasema mtu mwenye maumivu ya goti, ukikuta mambo matatu kati ya sita unaweza kuuita ugonjwa kwa jina lake: umri umepita 50, asubuhi goti linakakamaa lakini halifiki nusu saa linaachia, ukilikunja linakwaruza mkononi, mfupa unauma ukiubonyeza, mfupa umetanuka, na halina joto. Hayo yote ni mkono na maswali, dakika mbili tatu. Hilo la joto na hilo la asubuhi ndo yananisaidia zaidi, kwa sababu mtu akikwambia asubuhi viungo vinakaza saa nzima na vidole vya mikono navyo vimevimba pande zote mbili, huyo usimuandikie kusagika, mfikirie baridi yabisi yenyewe. Na goti moja lililovimba ghafla, la moto, na mtu ana homa, huyo hata klemu usiiwaze, mpeleke hospitali siku hiyohiyo kwa sababu linaweza kuwa usaha.

Shida nyingine ni lugha yetu. Mgonjwa akija anasema ana baridi yabisi, na mtaani baridi yabisi ni kila kiungo kinachouma, tabibu naye anaandika alichosikia. Mimi skuizi naandika alichosema mgonjwa sehemu ya malalamiko, na nilichoona mimi naandika sehemu ya utambuzi, nisichanganye.

Nimejaribu kuandika hivi, na haichukui hata mistari sita:

"Mama wa miaka 61, goti la kulia linauma miaka minne, zaidi akipanda mlima na akiinuka kutoka kuchuchumaa. Asubuhi linakaza kama dakika kumi. Hajawahi kuumia goti. La kushoto halina shida. La kulia lina matege kidogo, linakwaruza, halina joto, halijajaa maji, linakunjika nyuzi 100. Kilo 92, urefu sentimita 156. Amemeza diclofenac miezi minane, tumbo linauma. Utambuzi: goti la kulia limesagika lenyewe bila chanzo kingine, pamoja na unene uliozidi."

Dada wa rekodi nambie hapo wewe ungeweka kodi gani.

---

rekodi_kirumba:

Dokta shikamoo. Hapo naona M17.1 bila kukisia chochote, na unene nao una kodi yake E66. Yaani nimesoma nikahisi raha kabisa. Na hiyo "hajawahi kuumia goti" kumbe ndo inayonipa ruhusa ya kusema halina chanzo.

---

Tabibu wa Sengerema:

Marahaba. Ndo hivyo. Na "la kushoto halina shida" nayo usiidharau, bila hiyo mtu anaweza kusema nimesahau kuliangalia.

---

kazi_mtandaoni:

Wadau mimi niko Nyegezi, nafanya kodi za kliniki ya Marekani kwa njia ya intaneti, naomba niongeze kitu kwa sababu naona vijana wengi wanajifunza kwenye video za Wamarekani halafu wanaleta kwenye mafaili ya huku na wanachanganyikiwa.

Wao wanatumia toleo lao la ICD-10, limeongezewa tarakimu. Kwao M17.1 haitoshi, mfumo unaikataa, lazima useme M17.11 goti la kulia au M17.12 la kushoto, na M17.10 kama upande haukuandikwa. Maumivu ya goti kwao ni M25.561 kulia na M25.562 kushoto. Toleo la Shirika la Afya Duniani lenyewe goti moja ni M17.1, la kulia au la kushoto ni hiyohiyo, kwaiyo upande unabaki kwenye maandishi ya daktari peke yake. Ndo maana kwa sisi wa huku maandishi yana uzito kuliko hata kwao, kwa sababu kodi yetu haiwezi kusema upande. Klemu ya picha ya goti la kushoto na maelezo ya kulia, kodi ni ileile moja, anayesoma ndo anagundua.

Kitu cha pili kinachowachanganya watu ni maneno kama "huenda", "inashukiwa". Marekani kwa mgonjwa wa nje, yaani asiyelazwa, ukiandika "inashukiwa goti kusagika" huruhusiwi kuweka M17, unaweka dalili, maumivu. Lakini kanuni za Shirika la Afya Duniani zinasema kama mgonjwa kaondoka na hilo neno "inashukiwa" na hamna maelezo mengine zaidi, unaukodi kama vile umethibitishwa. Ni kinyume kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuchanganya hizi mbili. Kwaiyo ukimuona mtu anabishana na mwenzie mtandaoni kuhusu hilo, ukute wote wako sahihi, kila mmoja kwa nchi yake. Uliza bima yako inataka kanuni ipi na ikupe kwa maandishi.

Na wanaouliza kuhusu ICD-11, ilipitishwa 2019 na ikaanza kutumika rasmi kimataifa tarehe 1 Januari 2022, goti kusagika humo ni FA01, na upande unaongezewa kwa kodi nyingine inayounganishwa. Lakini usiitumie mpaka mfumo wenu umehamia, ukichanganya matoleo mawili kwenye klemu moja umeharibu.

---

rekodi_kirumba:

Asanteni sana, sikutegemea ningepata majibu ya namna hii. Naomba niwaulize wagonjwa wawili wa kweli nilionao mezani, sitaji majina.

Wa kwanza ni mzee mvuvi, mwaka 2009 mtumbwi ulimbana mguu kwenye mawe, mfupa ukavunjika chini kidogo ya goti la kushoto, akafungwa plasta. Sasa goti hilohilo limesagika. Daktari kaandika "OA goti la kushoto, aliwahi kuvunjika". Je hapo ni M17.3 au?

Wa pili ni mama alibadilishiwa goti la kulia miaka ya nyuma, sasa la kushoto ndo bovu. Daktari kaandika "magoti yote yamesagika, la kulia lilishabadilishwa". Hapo nilitaka kuweka M17.0 sababu ameandika yote.

---

Mkongwe wa Masjala:

Mwanangu maswali yako ni mazuri.

Mzee mvuvi, bado kidogo. Daktari ameandika vitu viwili pembeni kwa pembeni, hajasema kimoja kimezaa kingine. Wewe unaona, mimi naona, kila mtu anaona, lakini asiyeviunganisha ni yule mwenye haki ya kuviunganisha. Mrudishie. Akiandika "limesagika kutokana na kule kuvunjika mwaka 2009", hapo ni M17.3 bila wasiwasi, na unaongeza T93.2 kuonyesha kwamba ni matokeo ya mfupa wa mguu uliovunjika zamani. USIWEKE S82, hiyo ni ya mfupa uliovunjika sasa hivi, nimeona watu wakiiweka na bima wanauliza ajali imetokea lini na taarifa ya polisi iko wapi, mzee wa watu anaanza kusumbuliwa kwa ajali ya miaka mingi iliyopita.

Mama wa pili usiweke M17.0. Goti la kulia lilishatolewa, pale kuna chuma na plastiki, halina gegedu la kusagika tena. Ugonjwa uliobaki ni goti moja, la kushoto, M17.1 kama halina chanzo kingine, na unaongeza Z96.6 ambayo inasema ana kiungo cha bandia. Hizo mbili ukiziweka pamoja anayesoma anaelewa habari yote. Lakini na hapa pia, mwambie daktari afafanue, kwa sababu maneno yake na kodi yako yatakuwa yanapishana.

---

Fizio Buhongwa:

Mimi naomba nizungumzie ukurasa ambao hamna anayeufungua, ukurasa wetu wa mazoezi tiba, kwa sababu huyo mama wa Ukerewe ameniumiza moyo kweli.

Kodi haisemi goti limefika wapi. M17.1 ni ya mtu anayeumwa kidogo akicheza mpira na ni ya mtu asiyeweza kufika chooni. Tofauti yao yote iko kwenye maelezo. Kwaiyo anayeamua kama abadilishiwe goti au la, anatafuta vitu viwili, picha inasema nini na mtu anaishi vipi.

Picha kwanza. Ipigwe mgonjwa AMESIMAMA, uzito uko juu ya goti. Akipigwa amelala, nafasi kati ya mifupa inaweza kuonekana iko sawa kumbe akisimama mifupa inagusana. Halafu isomwe na iandikwe, nafasi imebana upande gani, kuna miiba ya mfupa au la, na daraja. Madaraja yanayotumika ni ya Kellgren na Lawrence ya mwaka 1957, kuanzia 0 mpaka 4, 2 ni miiba imeshaonekana wazi, 4 ni nafasi imebana sana na mfupa umepinda au umeharibika umbo. Ila daraja peke yake halitoshi, nina mtu wa daraja la 4 anauza samaki kila siku anatembea, na nina wa daraja la 2 analia usiku.

Ndo maana maisha yaandikwe. Usiandike "anatembea kwa shida", hiyo haisemi kitu. Andika alikuwa anatembea kutoka nyumbani mpaka sokoni bila kupumzika, sasa anapumzika mara tatu. Ngazi anashuka kinyumenyume. Kuchuchumaa hawezi, dagaa anaanika akiwa amekaa kwenye ndoo. Usiku anaamka mara ngapi. Maumivu 0 mpaka 10 ni ngapi leo na ilikuwa ngapi mwezi uliopita. Goti linakunjika nyuzi ngapi. Kipimo rahisi kingine, mkalishe kwenye kiti, mikono kifuani, ndani ya sekunde 30 anainuka mara ngapi. Namba hiyo iandike na tarehe, baada ya wiki sita ipime tena.

Na tiba zote alizopitia ziandikwe kwa jina, kiasi na muda, halafu matokeo. "Paracetamol miezi mitatu, haikusaidia. Diclofenac ya kumeza miezi minane, iliachishwa kwa sababu ya tumbo. Mazoezi vipindi kumi na mbili, nafuu kidogo. Sindano ya goti mara moja, nafuu ya mwezi mmoja." Mistari minne hiyo ndo ingemsaidia yule mama.

Nakiri na sisi tuna kosa, kadi zetu za mazoezi zinakaa chumbani kwetu haziingii kwenye faili kubwa. Dada, kabla hujaamini kwamba hakufanya mazoezi, nenda kaulize chumba cha mazoezi hapo kwenu, kadi yake inawezekana iko kwenye boksi.

---

Binti wa Nansio:

Samahanini mimi sio mtu wa afya, nimepita tu nikaona habari ya Ukerewe. Mama yangu naye ni hivyohivyo, magoti, tunahangaika kati ya Nansio na Mwanza kila baada ya muda. Sisi ndugu tushike nini ili tusije tukakataliwa?

---

Fizio Buhongwa:

Pole sana dada, msalimie mama. Picha za eksirei msiziache hospitali kama mmepewa, zitunzeni zisikunjwe wala zisilowe kwenye meli, na karatasi ya majibu yake muiombe. Kadi ya mazoezi muiombe nakala. Maganda ya dawa alizotumia yawekeni kwenye mfuko mmoja, hata tarehe mziandike juu kwa kalamu. Na akiingia kwa daktari asiseme tu "magoti yananiuma", aseme ni lipi limeanza, tangu lini, aliwahi kuanguka au hapana, na ni kazi gani alikuwa anafanya nyumbani skuizi haiwezi tena. Kama mama anaona aibu kusema kwamba hawezi kuchuchumaa chooni, semeni nyie kwa niaba yake, hilo ni muhimu sana liandikwe.

---

Binti wa Nansio:

Asante sana kaka. Hilo la chooni kweli huwa halisemi, anasema yuko salama tu.

---

KijanaKlemu:

Mzee Mkongwe nimekuelewa, samahani. Nilivyoelekezwa na niliyemkuta kazini ndo nilivyofanya, sikujua kama M17.0 inataja magoti mawili, niliona tu inapita. Sasa zile ambazo nimeshaziweka nifanyeje? Niende nikazibadilishe kimyakimya?

---

Mkongwe wa Masjala:

Umefanya vizuri kuuliza kijana wangu. Kimyakimya hapana. Kaa na bosi wako umwambie, vuteni mafaili mlinganishe na maandishi ya daktari, zisizolingana mzirekebishe kwa utaratibu wa bima yenyewe, na barua juu. Ni aibu ya siku moja. Faili la zamani halifutwi, halipakwi wino mweupe, halichanwi ukurasa. Kama kuna kitu kilisahaulika daktari anaandika nyongeza, tarehe ya leo, "nyongeza kwa maelezo ya siku fulani", na anasaini. Akirudisha tarehe nyuma ameharibu faili zima, hata yale ya kweli yaliyomo yatatiliwa mashaka.

---

rekodi_kirumba:

Nimerudi kuwapa mrejesho baada ya wiki mbili.

Swali la kwa daktari nimelitengenezea kikaratasi kidogo, nusu ya A4, nakibana juu ya faili: goti lipi, limetokana na nini, picha imesema nini, ametumia nini na imesaidiaje. Madaktari wawili wameanza kukijaza hata kabla sijauliza, mmoja bado anakitoa anaweka pembeni, nitaendelea kumuomba taratibu. Kwenye zile klemu 14, tisa zimepata ufafanuzi na tumezirudisha. Tatu nimeziacha na M25.5 kwa sababu daktari kasema kweli hajajua bado ni nini, na mbili zimegeuka kuwa gauti baada ya kupimwa. Hao wawili tungewawekea M17 wangeendelea kumezeshwa dawa za goti kusagika tu.

Mzee mvuvi daktari ameandika kwa mkono wake, "kutokana na kuvunjika mwaka 2009". M17.3.

Na mama wa Ukerewe. Fizio kaka yangu, ulisema kweli, kadi yake ilikuwa kwenye boksi chumba cha mazoezi, vipindi kumi na sita, kila kimoja kina tarehe na nyuzi za goti. Nimeishika ile kadi nikatoka nje kwanza. Picha mbili za zamani zimepatikana, zote alipigwa amelala. Nimempigia simu, anakuja Jumatano na meli ya asubuhi, daktari amekubali kumuona wa kwanza ili asikae kwenye benchi, apigwe upya akiwa amesimama, na nyongeza iandikwe siku hiyohiyo akiwepo. Nimemwambia aje na binti yake wa kumsaidia kusema.